Mwalimu wa Umeme Asiyepewa Mkono

Kwetu salamu haiishii mdomoni. Watu wawili wakikutana pale Kombani, hata kama wameachana asubuhi hiyo hiyo, watasimama, watapeana mkono, na mkono huo hautaachiwa mpaka habari za nyumbani, za shamba na za mgonjwa wa jirani ziishe. Kisha watapeana tena wa kuagana. Mtoto akimwamkia mkubwa humshika mkono akaubusu. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu ninayetaka kumsimulia aliishi kati yetu miaka mingi, akafundisha watoto wetu na kutengeneza redio zetu, na sikuwahi kumwona mtu mzima akimpa mkono. Akiona mtu anamjia, yeye alikuwa wa kwanza kuificha mikono mgongoni. Aliinamisha kichwa, akasema, "Salama, salama," kisha akapita upesi kama mtu anayechelewa basi.

Tulimwita Mwalimu wa Umeme. Jina lake sitalitaja, maana hata alipokuwa hai hakupenda litajwe. Hilo la Mwalimu wa Umeme lilikuwa la mzaha, kwa kuwa shule yetu haikuwa na umeme. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Umeme wa karibu tuliousikia sifa zake ulikuwa kwenye hoteli za Diani, nao ulitoka kwenye jenereta zilizonguruma nyuma ya jiko. Sisi tulisoma kwa mwanga wa Mungu, na waliolala bweni walisoma kwa karabai. Basi mtu akasimama mbele yetu kila wiki kutufundisha mkondo unavyotoka, unavyopita na unavyorudi, katika chumba ambacho ukutani hamkuwa na hata swichi moja.

Habari za kuzaliwa kwake sina. Watu walisema alitokea bara kavu huko, njia ya Mackinnon Road, na kwamba kabla ya ualimu alifanya kazi ya waya za simu za reli. Wengine wakasema hapana, alisoma kwa wamisheni. Mimi sikumuuliza. Lililojulikana na kila mtu ni kwamba aliwahi kuugua ukoma. Alikaa kambini na wagonjwa wenzake miaka, akanywa dawa, akapona, akatoka akiwa hana ugonjwa wa kumpa mtu yeyote. Ila mikono yake ilibaki na alama. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja ndani, na viwili vilikuwa vimefupika. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima ukiutazama, lakini nao, kama wa kulia, ulikuwa umekufa ganzi.

Walimu wa Kizungu walipofunga mizigo yao, Bwana Mkuu wa shule alitafuta mwalimu wa fizikia hadi akachoka, na aliyempata ni huyu. Wazazi wakamwendea kulalamika. Bwana Mkuu akawasikiliza wote, akawapa chai, kisha akauliza, "Basi nileteeni mwingine. Nani anaye?" Hakuna aliyekuwa naye. Wazazi wakarudi makwao, na kila mmoja akamwonya mwanawe nyumbani kwa namna yake. Mimi baba yangu, fundi cherehani wa pale sokoni, aliniambia nimheshimu mwalimu na nikae dawati la nyuma.

Nilikuwa msichana peke yangu katika darasa la fizikia. Dawati la nyuma lilinifaa kwa mengi, na nikiwa nyuma niliona mambo ambayo waliokaa mbele hawakuyaona.

Niliona, kwa mfano, kwamba alishika chaki kwa ubao mdogo aliouchonga mwenyewe, akaufunga kiganjani kwa ukanda wa mpira. Chaki iliingia kwenye tundu la ubao huo, naye akaandika kwa bega. Maandishi yake yalikuwa mazuri kuliko ya mwalimu yeyote pale. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri, lakini akishasoma sentensi moja alifunga kitabu akatazama mlangoni kama Bwana Mkuu yuko karibu. Akiona hayupo, aliyasema yote upya kwa Kiswahili.

Vifaa vyetu vilikuwa mawe ya tochi, yaani betri kavu, globu za tochi, na waya uliotoka kwenye magari mabovu. Kila mwanafunzi aliombwa alete mawe yaliyochoka kutoka kwao. Nyumba zote za kwetu zilikuwa na desturi moja: mawe ya redio yakichoka, huanikwa juu ya bati yapigwe jua, na jioni redio husema tena kidogo. Watu waliamini kabisa kwamba jua linaingia ndani ya jiwe. Mwalimu wa Umeme aliichukia imani hiyo kuliko utoro.

"Jua halikutia kitu," alisema. "Limepasha moto makombo yaliyobaki, nayo yakaamka. Kesho hayapo. Nani kaelewa?"

Tuliitikia sote kwamba tumeelewa, kisha tukarudi nyumbani tukaanika mawe. Mama yangu aliniambia mwalimu wangu anajua kitabu lakini redio haijui.

Kitu kingine alichokichukia ni mifano. Hilo lilitushangaza, maana sisi ni watu wa mifano. Kwetu mtu hawezi kuomba chumvi bila methali. Mtoto mmoja aitwaye Bakari, aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko sote, siku moja alifunga waya mmoja tu kutoka kwenye jiwe hadi kwenye globu, akakaa akingoja mwanga. Globu haikuwaka. Mwalimu akaja, akatazama, akamwuliza, "Wa kurudi uko wapi?"

"Wa kurudi wa nini, Mwalimu?" Bakari akajibu. "Sisi maji tunateka kisimani, tunaleta nyumbani, tunakunywa. Hakuna anayeyarudisha kisimani."

Darasa likacheka, lakini kusema kweli wengi wetu tulidhani hivyo hivyo. Mwalimu hakucheka. Aliweka chaki chini, na uso wake ukafurahi kama wa mtu aliyeletewa mgeni aliyekuwa akimngoja.

"Nani aliyekwambia umeme ni maji?"

"Kitabu kimesema ni kama maji."

"Kitabu kimekuazima mfano, na mfano ni nguo ya kuazima. Wenyewe mwajua nguo ya kuazima haisitiri. Umeme ni umeme. Hautoki mpaka uwe na njia ya kurudi. Hauendi nusu ukangoja. Kata waya popote, mbele au nyuma, na mwanga unakufa papo hapo, pote."

Bakari hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alikuwa na mjomba Mackinnon Road, na likizo alikuwa akienda huko. "Mwalimu, nguzo za simu za reli pale zina waya mmoja tu, nimeziona. Na simu zinafika Mombasa. Wa kurudi uko wapi?"

Mwalimu akatuambia sote tutoke nje. Mchana ule, juani, alitupeleka uwanja wa mpira. Tukachimbia nondo moja golini upande huu na nyingine golini upande wa pili. Waya mmoja ukapita juu ya nyasi kutoka golini hadi golini, na katikati yake tukaunga mawe yetu na dira iliyozungushiwa waya mwingi, ili sindano yake itikisike mkondo ukipita. Haikutikisika. Ilikuwa kiangazi na udongo ulikuwa mkavu kama kigae. Mwalimu akamtuma mtu jikoni kuomba maji na chumvi. Mpishi akatoa maji kwa radhi na chumvi kwa matusi. Tulipomwagia nondo zote mbili, sindano ikageuka, ikasimama pembeni na kutulia.

"Waya wa pili mnaukanyaga," akasema.

Tukatazama miguu yetu. Bakari alivua viatu. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoipenda fizikia, na pia ndiyo siku niliyoyaamini maneno ya watu kwamba mwalimu wetu alifanya kazi ya reli, maana jinsi alivyokaza nondo zile kwa kisigino ilikuwa kazi ya mtu aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo.

Kauli zake zilikuwa chache na alizirudia bila haya. "Usiishitaki globu kabla hujatazama waya." Hiyo ilikuwa ya kila wiki. "Kukaribia si kugusa." Hii alikuwa akiisema alipoona tumeleta ncha ya waya karibu sana na jiwe bila kuibana, tukadhani inatosha. Alikuwa akitembea nyuma yetu, anainama, anatazama, anasema, "Kukaribia si kugusa," anaendelea. Sisi, kwa ajili ya zile methali zetu, tulitaka kuifanya kauli hiyo iwe na maana ya ndani. Bakari aliwahi kuitumia kumwimbia msichana wa shule ya jirani. Mwalimu alipopata habari alikasirika kweli. Akasema yeye alizungumzia waya, wala hakumzungumzia mtu.

Alikuwa na mambo mawili yasiyopatana, nami sikuwahi kuyapatanisha. Alikuwa mkarimu wa kila kitu ila mawe. Angekupa kitabu chake ukae nacho mwaka, angekupa mwavuli wake mvua ikinyesha, lakini ukiacha globu inawaka bila kazi alikufokea mpaka utamani kulia. Na alikuwa mtu wa kupenda watu, akacheka nao kwa sauti kubwa akiwa darasani. Akivuka lango la shule alinyamaza, na uso ukafungwa kama duka siku ya Ijumaa.

Katika harusi na maulidi hakukosa kualikwa. Watu wetu hawana ubaya huo, mwaliko humfikia kila jirani. Lakini karamu ya kwetu huliwa siniani, watu wanne au watano kwa sinia moja, mkono kwa mkono. Mwalimu wa Umeme alikuja, akasalimu kwa kichwa, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Sinia zikianza kuzunguka, mwenyeji humwambia, "Karibu, Mwalimu," naye hujibu, "Nashukuru, leo nimefunga." Alikuwa Mkristo. Alikuwa akifunga Shaaban, akifunga Mfunguo Mosi, akifunga siku ya Idi yenyewe ambayo hata imamu haruhusiwi. Wahuni wa kijiweni walisema mwalimu anatafuta kuingia peponi kwa mlango wa Waislamu. Kila mtu alijua kwa nini amefunga, na mwenyeji aliposikia jibu hilo aliona nafuu, nami niliiona nafuu hiyo usoni mwao na nikawachukia kwa muda.

Harusi moja naikumbuka zaidi. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa anamwoza binti yake, na mwanawe aliyefanya kazi hotelini Diani akaleta jenereta ya kuazima ili harusi ya dada yake iwe na taa. Kijana yule alizifunga globu zote kwa mstari mmoja, mkondo utoke globu hii uingie ile. Alasiri wakajaribu. Jenereta ikanguruma, globu zikawaka nyekundu nyekundu, hafifu, hata kuku hakushtuka. Kijana akasema zinahitaji kupata moto. Akaigusa moja iliyolegea, ikazimika, na zote zikazimika pamoja. Wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu wakapiga vigelegele vya kejeli.

Mzee akamtuma mtu kumwita Mwalimu wa Umeme, akaja na koleo lake mfukoni. Alitembea chini ya mstari ule mara moja tu.

"Umezifanya globu zigawane mkate mmoja," alimwambia kijana, kisha akajikamata, maana huo ulikuwa mfano. "Nisamehe. Nasema hivi: kila globu ipe waya zake mbili, kutoka kwenye waya hizi kubwa mbili. Moja ikifa, zilizobaki hazina habari."

Wakafanya kazi pamoja mpaka karibu na magharibi, kijana akipanda ngazi na mwalimu akielekeza kutoka chini. Walipowasha, ua wote ukawa mweupe. Mzee mwenye harusi alikuja mbio, kanzu ameikunja mkononi, anacheka na macho yamelowa. Alikuwa mtu wa furaha, wala hakuwaza. Alinyoosha mkono wake wa kulia kwa mwalimu, wazi, kama anavyomnyooshea kila mtu.

Mwalimu akautazama mkono ule. Nilikuwa nimesimama na sahani mikononi, karibu kabisa, na niliona mkono wake wa kulia ukitoka mgongoni. Ulitoka polepole. Ulikuwa umefika ubavuni pake mzee alipoutazama, akaona vidole. Mkono wa mzee ukarudi kifuani kwake mwenyewe, akajipigapiga moyoni, akasema, "Mwalimu, Mwalimu, Mungu akulipe. Hapa moyoni, wallahi."

"Amin," mwalimu akasema. Mkono ulikuwa umesharudi mgongoni.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alimpelekea mwalimu pilau nyumbani, sahani yake peke yake, imefunikwa kawa jipya. Kwa wiki nzima alimsifu sokoni. Lakini tangu siku hiyo nilijua Mwalimu wa Umeme hakuuzoea upweke wake kama tulivyodhani. Ule mkono haukungoja kufikiri. Ulitoka wenyewe.

Somo la mwisho la mwaka alilipa jina la zawadi. Alichukua koili ya kengele mbovu, ule waya uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma, na mawe mazima, yale aliyokuwa ameyaficha. Akatueleza kwamba mkondo ukikatwa ghafla katika koili ile, hutupa mshtuko mdogo usio na madhara, na mshtuko huo unaweza kumpita mtu. Unaweza kupita watu wengi wakishikana. Akasema, "Leo ninyi ndio waya."

Wavulana wakalowesha mikono katika beseni la maji ya chumvi, wakasimama duara, wakashikana. Duara likanifikia mimi likasimama. Hakuna mvulana wa kunishika mkono, wala mimi sikuwa wa kushikwa, na kila mtu mle ndani alilijua hilo bila kuambiwa. Baba yangu angeniachisha shule siku hiyo hiyo. Nikarudi nyuma, nikasema nitatazama.

"Hutatazama," mwalimu akasema. Akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na vijiko viwili virefu vya pilau, vya chuma. Akanipa vyote, kimoja kila mkono, akawaambia wavulana wa kulia na kushoto washike ncha za upande wao. "Chuma hakina dini wala hakina aibu. Mkondo utapita, na heshima yenu itabaki palepale." Nilicheka mpaka kijiko kikatikisika.

Sasa duara lilikuwa na nafasi moja iliyobaki, na ilikuwa yake. Aliloweka mikono yake miwili kwenye beseni, akaipangusa kidogo, akaingia baina ya Bakari na mvulana mwingine, akaiweka mikono hewani, kulia na kushoto.

Hakuna aliyesogea. Bakari, aliyekuwa jasiri kuliko sote, alikuwa akitazama beseni, maana mikono ya mwalimu ilikuwa imetoka humo. Mvulana wa pili alianza kujikuna shingo. Nilikuwa upande wa pili wa duara na vijiko vyangu, nikaomba moyoni mmoja wao asogee, yeyote.

"Lakini bila swichi haiwezekani," mwalimu akasema. "Sasa kama sote tuko humu, nani atakata mkondo? Ngoja mimi niwe swichi."

Akatoka katika duara. Bakari na yule mwenzake wakashika ncha za waya, mwalimu akasimama mezani akashika ufunguo wa koili, akatuhesabia kwa sauti ya furaha. Mshtuko ukatupita sote kwa pamoja, tukaruka, tukapiga kelele, tukaomba tena. Akatupa tena na tena mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Katika chumba kile watu wawili hawakushikwa siku hiyo, mimi kwa heshima na yeye kwa hofu. Nilifurahi kama wenzangu, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Kesho yake nilibaki kumsaidia kupanga vifaa. Alikuwa akizungusha waya kwenye kipande cha ubao, akitumia kiwiko na meno. Bila mimi kumuuliza akasema, "Unajua nilichokikosa nilipougua? Watu hudhani ni kazi. Kazi nimepata. Nimekosa kutoka kanisani siku ya Krismasi. Unatoka pale mlangoni unashikwa mkono na kila mtu, wengine huwajui, mpaka unachoka, unatamani wakuache." Akacheka. "Nilikuwa nikitamani waniache."

Nilikuwa msichana mdogo. Nikamwambia pole. Akaniambia nizime globu.

Kuhusu mikono yake kufa ganzi, jambo moja linatosha. Aliazima betri ya lori kutuonyesha hatari ya kuunganisha ncha mbili bila kitu katikati. Waya ulipata moto ghafla akiwa ameushika kwa mkono wa kushoto. Darasa zima lilisikia harufu ya nyama kabla yeye hajajua kitu. Bakari akasema, "Mwalimu, mkono wako." Aliutazama bila haraka, akauachia waya, akafunga kitambaa, akaendelea kueleza kwamba mkondo ukipata njia isiyo na kazi hupita huko wote na kuchoma. Mimi nilikuwa nalia.

"Mbona walia wewe?" akaniuliza. "Mwenye mkono hakulia."

"Ndiyo sababu, Mwalimu."

Aligeukia ubaoni akafuta kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Niliondoka shuleni, nikasomea uuguzi, nikafanya kazi huku na huku. Bakari alikwenda zake Mombasa. Shule ikapata umeme wa nguzo, na pamoja na umeme wakaja walimu vijana wenye vyeti virefu. Mwalimu wa Umeme akastaafu. Nilisikia amenunua kipande cha shamba Mkongani, anapanda mihogo, na watu wanampelekea redio. Wanaiacha kwenye ukuta wa ua, wanapiga hodi, wanarudi nyuma kumngoja.

Miaka ikapita, nikapangiwa zamu ya chanjo upande huo. Tulipomaliza kuchanja watoto niliwaacha wenzangu wakila, nikauliza njia, nikafika kwake kabla ya adhuhuri. Nilimkuta amekaa kizingitini, redio iliyofunguliwa tumbo imewekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Ndani ya nyumba redio nyingine tatu zilikuwa zinasema, kila moja idhaa yake.

"Hodi, Mwalimu."

"Iache hapo ukutani, mama. Njoo Ijumaa."

"Sikuleta redio. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Kombani. Nilikuwa nakaa dawati la nyuma."

Aliinua kichwa akanitazama kwa muda. Nilijua amenikumbuka kwa sababu alitabasamu, kisha akasimama kwa shida, na mikono yote miwili ikaenda mgongoni.

"Salama, salama," akasema. "Karibu. Kiti kiko kimoja, kaa wewe."

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, nayajua ya mkono wa mtu asiye maharimu, nami huko nyuma nilishapewa hata vijiko. Aliye na hukumu yake na anihukumu. Yule alikuwa mwalimu wangu, na kwangu mimi mwalimu ni baba. Nikasema, "Shikamoo, Mwalimu," nikanyoosha mkono, nikauacha pale.

"Marahaba," akasema. Hakutoa mkono. "Mikono yangu ina mafuta ya redio."

"Nimeshaiona, haina."

"Umevaa koti la uuguzi, naliona," akasema. " Umekuja kunipima?"

"Sikuja kukupima. Nakuamkia."

"Wauguzi wamenishika sana," akasema. "Wameshika kweli, siwasengenyi. Wote walikuwa wakitafuta kitu."

"Mimi sitafuti kitu, Mwalimu."

Mkono wangu ulianza kuchoka, nao nikauacha pale pale. Redio moja ndani ilikuwa inasoma habari za bei ya korosho. Alitazama njiani, kulia na kushoto, kama kuna mtu anayeweza kuona na kunidhuru kwa hilo. Kisha mkono wa kulia ukatoka nyuma yake, polepole, ukafika ubavuni, ukasimama. Niliusogelea mimi. Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili, vidole vyake vilivyojikunja nikavifumbata ndani, nikainama nikaubusu kama tulivyofundishwa na wazazi wetu kuwabusu wakubwa. Ngozi ilikuwa ngumu na yenye joto la jua. Nilipoinua kichwa nilimwona akiutazama mkono ule kwa makini, jinsi alivyokuwa akiitazama sindano ya dira, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Nikadhani nimemkosea. Nilitaka kumwachia.

"Hapo sihisi," akaniambia kwa sauti ndogo. "Panda juu. Shika hapa, karibu na kiwiko. Hapa bado nahisi."

Nikapandisha mikono yangu, nikamshika pale, nikabana. Mwalimu wa Umeme akafumba macho, akaniuliza habari za nyumbani, kisha za baba yangu, kisha za kila jirani wa Kombani aliyeweza kumkumbuka, nami nikamjibu moja baada ya moja bila kumwachia.